Usaili wa watendaji wa vijiji: wengi mnaanguka mlangoni, sio kwenye pepa

Tangu majina ya walioitwa kwenye usaili yatoke simu yangu haipumui. Mimi ni afisa utumishi kwenye halmashauri moja huku Mbeya, na kwa vile huwa nakaa ile meza ya mlangoni ya kukagua vyeti basi watu wananiona kama mimi ndo mwenye nafasi. Swali la kwanza ni "afisa, maswali yatatokea wapi?" na la pili ni "hizi kazi si zina wenyewe?" Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama jina la kwenye cheti cha kuzaliwa linafanana na la kitambulisho cha NIDA, na hapo ndipo watu wengi wanapotelea.

Nianze na hilo maana ndo linanichosha. Majina yetu ya huku kila mtu anaandika anavyosikia. Binti anaitwa Atupakisye, fomu foo ikatoka Atupakise, cheti cha kuzaliwa kikaja kukatwa akiwa na miaka ishirini wakaandika vilevile kama anavyotamka bibi yake, alafu NIDA wakaongeza jina la babu ambalo shuleni halikuwepo. Yeye anajijua ni mtu mmoja. Mimi mezani naona watu watatu. Na tarehe nayo, namba ya NIDA ina tarakimu 20 na zile 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa, kwahiyo sihitaji hata kukuuliza, nasoma tu. Mtu NIDA inasema 1998, cheti cha kuzaliwa kinasema 2000, nikimwonyesha ananijibu "hapo walikosea tu bosi". Sawa walikosea, ila mimi pale mezani sina kifutio.

Kosa la cheti cha kuzaliwa linapelekwa RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, la kitambulisho ofisi ya NIDA ya wilaya yako, na kwa kawaida hivyo viwili ndo vinarekebishwa vifuate cheti cha shule, usitegemee NECTA, yaani baraza la mitihani, wakubadilishie jina kisa umeitwa usaili. Kama jina ulibadilisha kweli basi uje na hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Karatasi uliyogongewa muhuri na wakili jana jioni pale Mwanjelwa sio hiyo. Na haya mambo yanachukua muda jamani, sio ya kuanza Ijumaa wakati usaili ni Jumatatu.

Vyeti ni vyeti HALISI. Nitarudia kwasababu kila mwaka narudia: cheti cha kuzaliwa halisi, cha kidato cha nne halisi, cha sita kama ulifika, na cha chuo. Testimoniali haikubaliki, matokeo ya muda hayakubaliki, stetimenti ya matokeo haikubaliki, ile karatasi ya matokeo ya fomu foo uliyopewa na shule nayo haikubaliki. Tangazo la kuitwa huwa linaandika hivyo hivyo, tena kwa herufi nzito, ila watu wanashuka moja kwa moja kutafuta jina lao wakilikuta wanafunga. Kama ulisoma nje ya nchi lazima uwe na uthibitisho wa NECTA kwa sekondari, TCU kwa shahada au NACTVET kwa vyuo vya kati. Kopi iliyothibitishwa na wakili ni kopi, hata muhuri ungekuwa na rangi gani.

Sasa steshenari. Najua huku kwetu wengi mnajaziwa maombi na kijana wa steshenari, hamna kompyuta, bando linaisha katikati, naelewa kabisa. Lakini kuna siku nilimwambia kijana mmoja afungue akaunti yake ya Ajira Portal, ule mfumo wa serikali wa kuombea kazi mtandaoni, tuone namba yake ya usaili, akasema ngoja nimpigie jamaa. Jamaa yuko Tunduma. Barua pepe ya jamaa, nywila ya jamaa, mpaka namba ya simu iliyojazwa ni ya jamaa, na huyo jamaa kawajazia watu sijui wangapi hakumbuki nani ni nani. Tukakaa pale kama nusu saa simu haipokelewi. Kijana ana vyeti vyake vyote safi kwenye bahasha ya kaki. Jaziwa, sikatai, ila barua pepe iwe yako na nywila uijue wewe.

Kwenye pepa lenyewe sina mengi. Ni kada yako, uliisomea. Anayeomba utendaji wa kijiji ajue kazi ya mtendaji wa kijiji, basi. Nashangaa mtu ametoka Hombolo, chuo cha serikali za mitaa, na cheti chake kizuri lakini ukimuuliza tofauti ya mtendaji na mwenyekiti anakwambia mwenyekiti ndo bosi. Mwenyekiti anachaguliwa na wananchi, mtendaji ni mwajiriwa na ndo katibu wa halmashauri ya kijiji. Hiyo halmashauri ya kijiji ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, mkutano mkuu wa kijiji wa kawaida unakaa kila baada ya miezi mitatu, yote yapo kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, Sura ya 287. Soma na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, maana kijijini kesi ya mpaka wa shamba utaletewa kabla hujamaliza hata kufagia ofisi. Na Kanuni za Utumishi wa Umma ni za 2022, sio zile za 2003 ambazo bado zimejaa kwenye madesa, yale makaratasi ya kusomea mnayopeana.

Tukifika kwenye madesa basi tuongee. Kuna magrupu ya WhatsApp watu wanauziwa "maswali ya usaili". Mwaka jana nilionyeshwa moja, maswali arobaini, nusu yake ni ya madereva. Kama ni feki umeibiwa hela, na kama ni ya kweli umenunua mtihani wa serikali, chagua mwenyewe unataka ipi kati ya hizo mbili. Anayekuomba hela "ya kumwona mtu ndani", Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya 2007 haimkamati anayepokea peke yake, anayetoa nae yumo. TAKUKURU wanapigiwa bure 113. Kughushi cheti chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ni kifungo mpaka miaka 7, na usidhani ukishapata ajira ndo yameisha, ule uhakiki wa 2017 ulikuta watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi na wengine walikuwa kazini miaka mingi tu, wana mikopo, wana nyumba zimefika kwenye lenta. Kumtuma ndugu yako akufanyie pepa nako ni jinai, na msidhani hatuangalii picha.

Kuhusu kwamba kazi zina wenyewe, mimi ninachokiona mezani ni watu wanaorudishwa kwa makaratasi, na hao hao wakifika nyumbani wanasema walinyimwa kwa koneksheni.

Siku yenyewe muda ulioandikwa ni muda wa kuwa umeshafika. Nauli, chakula na pa kulala ni juu yako, hilo nalo huwa limeandikwa. Kama unatoka mbali njoo jana yake. Kuna dada alitoka Matamba alfajiri, mvua imenyesha usiku kucha, zile kona 57 za kushuka Chimala gari likawa linaserereka, akafika kwetu saa tatu kasoro viatu kaviweka mkononi na bahasha kaifunga ndani ya kitenge isilowe. Vyeti vikavu kabisa, majina yote yanafanana, nilivikagua mwenyewe. Mlango ulishafungwa saa mbili, na mimi sina mamlaka ya kuufungua. Nililala vibaya siku ile.

Mwisho, ukifaulu usipopangiwa nafasi sio kwamba umefeli, majina ya waliofaulu yanatunzwa kwenye kanzidata na nafasi ikitokea mtu anaitwa bila kufanya usaili upya. Kwahiyo msinipigie kila wiki kuniuliza, tazama akaunti yako na matangazo ya kuitwa kazini. Na kama mpaka sasa inafunguka kwa barua pepe ya yule kijana wa Tunduma, mtafute leo kabla hajabadilisha laini.