Chopsi za kitimoto: hofu tunayoimalizia kwenye kikaango

Chopsi za nguruwe zikitoka ngumu nyumbani, lawama humwendea nguruwe. Alikuwa mzee, alikuwa dume, wenye bucha wametuuzia nyama mbaya. Mara nyingi nguruwe hana kosa. Kilichoikausha nyama ni hofu. Kitimoto tunaiogopa kuliko nyama ya ng'ombe au ya mbuzi, na hofu yote tunaimalizia motoni, mpaka watoto wanatafuna kipande kimoja chakula kizima. Hofu hiyo ina msingi, siidharau hata kidogo. Ila kazi yake kubwa iko bandani, buchani na kwenye ndoo ya kunawia mikono, kabla kikaango hakijawekwa jikoni.

"Kitimoto isipokauka, minyoo inapanda kichwani"

Hii ndiyo dhana inayozaa nyingine zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Tegu wa nguruwe yupo, na huku kaskazini mwa Tanzania si hadithi ya kutishia watoto. Wilaya ya Mbulu imefanyiwa utafiti miaka mingi kuhusu mnyoo huyu kwa nguruwe, na Hospitali ya Haydom, huko huko, imechunguza wagonjwa wa kifafa ambao ubongo wao ulikuwa na vifuko vya tegu, yaani viluwiluwi vyake vilivyojifungia ndani ya vifuko vidogo vya maji. Anayekuonya anakutakia mema. Shida ni kwamba njia anayoitaja siyo.

Njia yenyewe iko hivi. Mtu akila nyama yenye vifuko hai vya tegu, anapata mnyoo wa utumboni. Mnyoo anakua hadi mita kadhaa, anataga mayai, na mayai yanatoka pamoja na kinyesi cha mtu huyo. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho, viluwiluwi vinatoka kwenye mayai na kwenda kujikalia ndani ya misuli yake. Hiyo ndiyo nyama yenye vifuko. Sasa binadamu naye akimeza mayai hayo hayo, kupitia mikono isiyonawiwa, maji machafu au mboga za majani zilizochafuliwa, vifuko vinajijenga mwilini mwake kama vilivyojijenga kwa nguruwe. Vikifika kwenye ubongo, kifafa kinaweza kufuata.

Kwa hiyo kipande cha nyama chenye vifuko kinakupa mnyoo wa tumboni. Vifuko vya kichwani vinatoka kwenye mayai, na mayai yanatoka kwa mtu. Ndiyo maana hata asiyewahi kuonja nguruwe maishani mwake anaweza kuugua, kama anayempikia ana tegu na hanawi kwa sabuni akitoka chooni. Familia inayokausha chopsi mpaka zinapasuka, halafu inakula kachumbari iliyokatwa na mikono michafu, imejilinda upande mmoja tu.

Kinga inaanza na choo kinachotumika na nguruwe asiyezurura. Nguruwe wa vihamba vya Moshi, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, anayekaa bandani na kuletewa maganda ya ndizi na pumba, hana nafasi kubwa ya kukutana na kinyesi cha watu. Kinga inaendelea buchani. Uliza mhuri wa mkaguzi wa nyama, na uitazame nyama yenyewe mchana kweupe. Vifuko huonekana kama vilengelenge vyeupe vyenye maji, ukubwa wa punje ya mchele hadi harage, katikati ya nyama nyekundu. Ukiviona, usichukue hata kwa nusu bei, na umweleze muuzaji kwa nini.

Kikaango kinakuja baada ya hapo, na hakihitaji kufanya makubwa. Kipande kizima cha nyama ya nguruwe kinatakiwa kifike nyuzi joto 63 katikati, kisha kipumzike dakika tatu. Hicho ndicho kipimo kinachotolewa Marekani kwa ajili ya tegu pia. Kabla ya 2011 wapishi wa huko walikuwa wakiambiwa wafikishe nyuzi 71. Nyama ya kusaga bado inatakiwa 71, kwa sababu kilichokuwa nje kimechanganywa ndani. Mimi, kwa meza yenye watoto na nyama ambayo sijui banda lake, natoa chopsi zikifika 66 au 67. Hapo niko salama kabisa na nyama bado ina maji yake. Kila nyuzi unazopanda kutoka hapo, unakamua maji bila kuongeza usalama wowote wa maana.

Kipimajoto cha jikoni chenye sindano ndicho kifaa ambacho ningependa kila nyumba inayopika kitimoto iwe nacho. Kichomeke ubavuni, kifike katikati ya nyama, kisiguse mfupa. Rangi si kipimo. Nyama iliyoiva vizuri inaweza kubaki na uwaridi kidogo, hasa karibu na mfupa, na nyingine inageuka kijivu kabla haijaiva. Kama kipimajoto hakipo, kata sehemu nene kabisa pembeni mwa mfupa: nyama iwe imeshikana, isiwe na ule mng'ao wa utelezi wa nyama mbichi.

"Ichemshe kwanza ilainike"

Ushauri huu ni mzuri kwa bega, kwa mguu na kwa kongoro. Nyama hizo zina kano na utando mwingi, na vitu hivyo vinahitaji moto mdogo wa saa nyingi ndipo vigeuke ute laini. Chopsi inatoka mgongoni, kando ya uti, kwenye msuli ambao haufanyi kazi ngumu. Ni laini tangu inakatwa. Maji ya Moshi mjini yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, ya Arusha kwenye 95 hivi kwa sababu ya mwinuko, na zote mbili ziko juu sana ya 63. Nusu saa ya kuchemka inakamua msuli ambao haukuwa na kano za kulainisha. Ukiipeleka kwenye mafuta baada ya hapo, unakaanga nyuzinyuzi kavu za nyama.

Hata kitimoto ya baa, ile ya vipande vidogo vinavyokauka na kuletwa na ndizi na pilipili, inafanikiwa kwa sababu vipande vyake vina mafuta ya kutosha na vinakusudiwa kuwa vikavu. Ni chakula kingine. Kuhamishia ufundi wake kwenye chopsi ndiko kunakotuponza.

"Ya leo asubuhi ndiyo laini"

Hapana. Mnyama akichinjwa, misuli inakakamaa ndani ya saa chache, kisha inalegea taratibu. Nyama ya nguruwe iliyokaa kwenye ubaridi siku moja au mbili inakuwa laini kuliko iliyonunuliwa ikiwa bado ina joto. Nunua Ijumaa upike Jumamosi au Jumapili, basi.

Kuna jambo jingine hapa linaloniuma. Nguruwe anayefungwa miguu na kulazwa nyuma ya pikipiki juani, akipiga kelele njia nzima, anafika machinjioni akiwa amechoka na mwili umepata moto. Asidi inajaa kwenye misuli haraka wakati nyama bado ina joto, na matokeo yake ni nyama iliyopauka, tepetepe, inayovuja maji kwenye mfuko. Hiyo hata mpishi hodari ataikausha. Mnyama aliyesafirishwa kwa utulivu na kupumzishwa kabla ya kuchinjwa anatoa nyama bora, na kumtendea hivyo ni haki yake pia.

Buchani, sema unachotaka kabla panga halijashuka: "Mangi, nikatie chopsi nene, vidole viwili, zibaki na mfupa na mafuta yake." Chopsi nyembamba inaiva katikati kabla haijapata rangi nje, na mpishi akiendelea kusubiri rangi inakuwa imekauka tayari. Unene wa sentimita mbili na nusu ndio unaokupa nafasi.

"Chumvi inakausha nyama, weka mwisho"

Chumvi ikinyunyizwa na nyama ikaachwa dakika kumi, ni kweli maji yanatoka juu. Ikiachwa zaidi, maji yale yenye chumvi yanarudi ndani na nyama inajifunza kuyashika hata ikipata moto. Rahisi zaidi ni kuloweka: lita moja ya maji baridi, gramu 50 za chumvi, yaani vijiko vitatu vya chakula vilivyosawazishwa, na kijiko cha sukari ukipenda. Chopsi zikae humo saa moja hadi tatu kwenye friji. Kwa nyama isiyo na mafuta mengi sijui msaada mkubwa kuliko huu.

Ndimu usiku kucha ni kosa. Asidi inaifanya nyama ya juu iwe ya ungaunga. Papai bichi linalainisha kweli, lina kimeng'enya kinachokata protini, lakini chopsi haihitaji, na likiachwa muda mrefu nyama inakuwa uji kwa nje. Libakie kwa nyama ya ng'ombe mzee.

"Moto mkali unaziba maji yasitoke"

Wazo hili lilienezwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1847, na bado linarudiwa. Sikiliza kikaango: ule mchachariko ni maji yanayotoka na kuwa mvuke. Hakuna kilichozibwa. Moto mkali tunautaka kwa ajili ya rangi ya kahawia, maana ndani yake ndimo iliko ladha. Rangi hiyo haiji juu ya nyama iliyolowa, kwa hiyo ukizitoa kwenye maji ya chumvi zifute kwa karatasi au kitambaa safi hadi zikauke. Kuziosha bombani hakuui vijidudu, kunavirusha kwenye sinki na vyombo. Vipande vya mfupa vilivyoachwa na panga vifute tu.

Kata mafuta ya pembeni mara mbili au tatu mpaka ufikie nyama, la sivyo chopsi itajikunja kama bakuli na katikati yake haitagusa kikaango. Pasha kikaango kizito, weka mafuta ya alizeti kidogo, kisha zisimamishe chopsi kwa upande wa mafuta dakika moja au mbili mpaka mafuta yake yaanze kuyeyuka. Zilaze. Usijaze kikaango. Wanaosema nyama igeuzwe mara moja tu hawana sababu. Ukigeuza kila dakika, joto linaingia sawasawa pande zote. Zikipata rangi, punguza moto. Kwa jiko la mkaa funga kidirisha cha chini, na makaa mengine yafunike kwa majivu. Ongeza kitunguu saumu kilichopondwa, tangawizi na kipande cha siagi, uwe unazimwagia mafuta hayo kwa kijiko. Chopsi ya unene ule huiva kwa dakika nane hadi kumi hivi kwa jumla. Zipumzishe sahanini dakika tano, na maji yatakayotoka yarudishe kwenye kikaango yawe mchuzi wa kumwagia ndizi mshare.

"Homa ya nguruwe imetangazwa, tuache kula"

Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, inaua nguruwe kwa wingi, na bado haina tiba. Binadamu haimwambukizi. Inapotangazwa, zuio la kusafirisha na kuchinja linalinda mabanda ya wafugaji, na lazima liheshimiwe kwa sababu hiyo. Virusi vyake vinaweza kukaa muda mrefu kwenye nyama mbichi, hata iliyogandishwa, na njia mojawapo ya kufika bandani ni makombo ya jikoni. Kama kihambani kwako kuna nguruwe, mifupa ya chopsi, vipande vya mafuta ulivyokata na maji uliyolowekea usimpelekee. Vifukie.