Raningi beki: beki anayeshambulia

Aliyezoea soka akisikia "beki" humjia picha ya mtu anayelinda lango. Kwenye futiboli ya Kimarekani usimtafute huko. Raningi beki ni mshambuliaji. Anaitwa beki kwa sababu tu mchezo unapoanza husimama nyuma ya wenzake watano wenye miili mikubwa, wale waliojipanga mstari mmoja wakitazamana ana kwa ana na wapinzani. Kazi yake ni kupokea mpira mkononi na kupenya nao katikati ya msongamano huo kwa miguu yake mwenyewe.

Sheria ndiyo inayompa thamani. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10, na yadi moja ni pungufu kidogo ya mita. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Mpira ukirushwa unaweza kuleta yadi 40 kwa mkupuo, lakini pia unaweza kudondoka chini au kudakwa na adui. Raningi beki huleta yadi tatu, nne, saa nyingine mbili, na kila mara humalizia chini, amelaliwa na watu.

Mtu wa kutufafanulia nafasi hii vizuri ni Walter Payton, mzaliwa wa mji mdogo wa Columbia, jimbo la Mississippi. Alisoma na kucheza Jackson State, chuo kikuu cha Wamarekani weusi, na mwaka 1975, timu zilipokuwa zikigawana kwa zamu wachezaji wapya kutoka vyuoni, Chicago Bears wakamchagua akiwa wa nne nchi nzima. Mechi yake ya kwanza ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, alipewa mpira mara nane. Jumla ya yadi alizopata: sifuri.

Alistaafu baada ya misimu 13 akiwa na yadi 16,726, rekodi ya NFL wakati ule. Sasa ichukue namba hiyo uibadilishe iwe kilomita: ni kama 15 na ushee, mwendo ambao mtu mzima anaumaliza kwa miguu asubuhi moja. Payton aliupata kwa miaka 13, kwa kukimbia na mpira mara 3,838. Wastani wake ni kama mita nne kila mara. Mimi rekodi hii siisomi kama umbali. Naisoma kama idadi ya mara alizogongwa akaangushwa, akainuka, akarudi kwenye nafasi yake.

Na hakuwa mtu wa kukwepa. Wengi wakiona wamebanwa karibu na mstari wa pembeni hutoka nje ya uwanja ili wasiumizwe. Payton alikuwa akigeuka kumkabili anayekuja. Mpira ulikuwa umebanwa kwenye mkunjo wa kiwiko, vidole vimefunika ncha yake, na mkono mwingine umenyooka kama mchi, kiganja wazi, ukimsukuma mpinzani kifuani au kwenye kofia. Nguvu hizo alizitafuta kwa kukimbia kupanda na kushuka kilima chenye mteremko mkali huko Arlington Heights, nje ya Chicago, wakati ligi imefungwa. Katika misimu yote 13 alikosa mechi moja tu, nayo ni ya mwaka wake wa kwanza.

Novemba 20, 1977, akiwa anaumwa mafua makali, alipata yadi 275 dhidi ya Minnesota Vikings. Hakuna aliyewahi kupata nyingi hivyo katika mechi moja, na rekodi ilidumu hadi mwaka 2000. Bears walishinda 10-7 tu, kwa hiyo kila yadi ilikuwa na maana.

Kinachoniuma ni Januari 1986. Bears waliwachapa New England Patriots 46-10 wakatwaa Super Bowl, fainali ya NFL, na Payton, aliyeibeba timu hiyo miaka yote ya njaa, hakufunga hata mara moja. Nafasi moja ya kufunga, karibu kabisa na mstari wa mwisho ambao mpira ukivushwa ni pointi, alipewa William Perry, jitu la safu ya ulinzi. Kocha Mike Ditka alikuja kukiri kwamba alijutia.

Payton alifariki Novemba 1, 1999, baada ya ugonjwa wa ini na saratani ya njia za nyongo. Tuzo ambayo NFL humpa kila mwaka mchezaji anayejitolea kwa jamii sasa ina jina lake.

Rekodi yake ya yadi 16,726 ilivunjwa Oktoba 2002 na Emmitt Smith wa Dallas Cowboys, aliyestaafu akiwa na yadi 18,355, na hadi leo hajafikiwa. Mbio zilizompitisha Smith zilikuwa za yadi 11. Zile za Payton mwenyewe, alipompita Jim Brown, aliyekuwa akiishikilia rekodi hiyo, Oktoba 7, 1984, zilikuwa za yadi sita.