Shairi la kujianika: yanayoaminiwa kuhusu hisia za msomaji, na yalivyo

Katika shairi la kujianika, nafsineni, yaani sauti inayosema ndani ya shairi, hutoa nje yale ambayo watu huyafungia chumbani: woga, tamaa, maradhi, kosa alilomtendea mtu. Msomaji mmoja hulia, mwingine hufunga ukurasa. Mapokezi haya hufasiriwa vibaya mara nyingi.

Dhana: Machozi ya msomaji ndiyo kipimo cha ubora wa shairi.

Ukweli: Machozi yanathibitisha kwamba kitu kimeguswa, lakini hayasemi kimeguswa na nini. Mwaka 1929 mhakiki Mwingereza I. A. Richards alichapisha uchambuzi wa maoni ya wanafunzi wa Cambridge aliowapa mashairi bila majina ya watunzi. Kati ya vikwazo alivyoorodhesha zimo kumbukumbu za msomaji zisizohusiana na shairi, na hisia zilizokwisha andaliwa zinazosubiri neno la kuzifyatua.

Unaweza kujipima. Soma mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili, piga mstari chini ya mshororo uliokukaba. Mara ya tatu, badilisha neno zito la mshororo huo kwa kisawe chake. Hisia ikipoa, ilitoka kwenye lugha. Ikibaki vilevile, huenda ilitoka kwako. Kukumbuka si kosa, ila usimsifie mtunzi kwa kazi iliyofanywa na maisha yako.

Dhana: Ukiona aibu au ukikereka, ama huna huruma, ama shairi ni bovu.

Hapa ndipo wasomaji wengi hujilaumu bure. Kuona aibu kwa niaba ya mwingine ni jambo la kawaida, hata kama humfahamu. Kinachofaa ni kutafuta chanzo chake. Pengine nafsineni amesema "wewe", nawe ukajikuta umegeuzwa nafsinenewa, yaani anayeambiwa, kama mtu aliyefungua mlango bila kubisha hodi. Aibu hiyo imepangwa, na shairi linafanya kazi yake. Pengine jambo lenyewe linafanana na siri yako. Lakini kuna kukereka kunakotokana na kasoro halisi: shairi linapodai huruma kabla ya kuonyesha chochote. "Moyo wangu wavuja uchungu usiosemeka" ni amri ya kuhuzunika. "Nilikunja shati lake, nikalikunjua tena" inakuachia nafasi ya kuhuzunika mwenyewe. Ukiukataa mshororo wa kwanza hujakosa utu, umekataa kusukumwa.

Raha na maumivu pia huja pamoja. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2017 uliwapima watu waliosikiliza mashairi. Vinyweleo viliposimama kwa msisimko, misuli ya kukunja uso nayo ilikuwa ikifanya kazi. Msisimko huo ulielekea kujikusanya mwishoni mwa mishororo, beti na shairi zima. Kwa hiyo mwisho wa ubeti ukikutikisa, angalia pia umbo, maana mahali neno lilipowekwa pana nguvu yake.

Dhana: "Mimi" wa shairi ni mtunzi mwenyewe.

Mwaka 1959 mhakiki M. L. Rosenthal, akiandika kuhusu mshairi Mmarekani Robert Lowell, aliyaita mashairi ya namna hii ya kuungama, na jina hilo limewazoesha wasomaji kuyasoma kama ushahidi wa mahakamani. Hata tukio likiwa la kweli, mtunzi amechagua pa kukata mshororo na cha kunyamazia. Zungumza juu ya nafsineni kwanza.

Kuna mpaka mmoja. Mtunzi akiwa mtu unayemjua, na shairi likagusia kujidhuru, usijifiche nyuma ya neno nafsineni. Muulize waziwazi, siku hiyohiyo, na usimwache peke yake ukiona hatari.

Dhana: Anayefichua mengi hugusa zaidi.

Siri tano katika beti tano huuana. Msomaji hajamaliza kushtuka kwa ya kwanza, ya pili inamfuta.

Dhana: "Pole" na "umenigusa" zinatosha kumjibu mtunzi.

Zinamliwaza, lakini hazimwambii shairi limefanya nini. Taja mshororo, taja hisia kwa jina lake, kisha sema unadhani neno gani limeileta: "Ubeti wa tatu, mshororo wa mwisho, niliona haya, nadhani ni kwa sababu ya 'tulicheka'." Kwa jibu hilo mtunzi anajua pa kushika kalamu.