"Step down": kujiuzulu, kung'atuka au kuachia ngazi?

"Step" ni kupiga hatua, "down" ni chini. Yakiungana katika habari za uongozi, maneno hayo humaanisha kuacha cheo kwa hiari, au angalau kwa sura ya hiari. Magazeti yetu yana msemo unaokaribiana nayo mno: kuachia ngazi.

Kazi ipo kwenye kutafsiri, maana Kiingereza hapa hakisemi mtu ameondoka katika hali gani. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi aliacha Wizara ya Mambo ya Ndani kufuatia vifo vya watuhumiwa waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga. Huko ni kujiuzulu. Wengine husema aliwajibika. Nyerere naye alipoacha urais Novemba 1985, aling'atuka. Ukiandika "alijiuzulu", msomaji ataanza kutafuta kashfa ambayo haikuwapo. Mwingereza atasema "stepped down" kwa wote wawili bila kusita.

Kisarufi, cheo hutanguliwa na "as": "Nyerere stepped down as president in 1985." Usiache kukitaja cheo hicho, kwa sababu uenyekiti wa CCM aliendelea nao hadi 1990. Chombo au wadhifa hutanguliwa na "from" ("from the board"), na sababu hufuata "over" ("over the scandal"). "He stepped down the presidency" ni kosa.

Kosa baya zaidi ni "The minister was stepped down". Kwa maana hii kitenzi hakitendwi: anayeshuka hujishusha. Aliyetumbuliwa "was sacked". Aliyetenguliwa uteuzi "was removed". (Mafundi umeme ndio wenye ruhusa: transfoma hushusha volti 11,000 hadi 400, na hapo volti "is stepped down".)

Kuna pia "step aside", kukaa pembeni, tuseme kupisha uchunguzi. Huyo anaweza kurudi ofisini akisafishwa. Na mgombea anayejitoa hajaachia cheo chochote. Joe Biden alipojiondoa kwenye kinyang'anyiro Julai 2024, "dropped out" ndiyo iliyofaa, kwani urais alibaki nao hadi Januari 20, 2025.