Usiulize msimu, uliza maji: unene wa wetisuti huku Cape Town

Januari yangu ya kwanza huku niliingia na ubao wa kupanda mawimbi Big Bay, Bloubergstrand, nimevaa wetisuti (vazi la mpira linalobana mwili, la kukinga baridi ya maji) ya mtumba ya 3/2; namba hizo za unene nitazieleza chini. Aliyeniuzia alisema kwa kiangazi yatosha kabisa. Jua lilikuwa linachoma na mchanga haukanyagiki. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, bahari naijua ni ya kuingia na kaptura. Haikupita nusu saa, vidole vya mkono wa kushoto vikakataa kukutana. Nakata maji kwa kiganja kilichopanuka, maji yanapita katikati, siendi popote. Nilipofika ufukweni sikuweza hata kushika kamba ya zipu, ikabidi mzee mmoja aliyekuwa anakunja taulo lake anifungulie mgongoni.

Leo kazi yangu ni hizi hizi wetisuti: napima watu, naziba zilizochanika. Na swali ninaloulizwa kila siku ni lile lile: "Kwa kiangazi nivae unene gani?" Swali hilo kwa Cape Town halina jibu, na sababu yake ni upepo.

Kiangazi hapa huvuma upepo wa kusini-mashariki, na kwa mtu wa pwani kama mimi ni rahisi kuuita kusi. Upande wa Atlantiki upepo huo husukuma maji ya juu kwenda mbali na ufuo, na nafasi yake huchukuliwa na maji ya chini, ya kina, ambayo hayajaonja jua. Ukivuma kwa nguvu siku mbili tatu, Big Bay au Llandudno maji yanashuka hadi nyuzi 11 au 12, na huku nje watu wamejifunika miavuli kwa joto. Siku hiyo hiyo ukivuka kwenda Muizenberg, upande wa False Bay, ghuba ya upande wa pili wa jiji, mwendo usiofika saa moja kwa gari, unaweza kukuta nyuzi 19 au 20. Majira ya baridi upepo hugeuka, pande mbili zinakaribiana, na Atlantiki mara nyingi inakuwa na maji yenye nafuu kuliko Januari. Ndiyo maana mtu anayenunua kwa kuangalia kalenda au jua la nje lazima akosee.

Sasa zile namba. 4/3 maana yake ni milimita 4 kifuani, tumboni na mgongoni, na milimita 3 mikononi na miguuni. Kiwiliwili ndicho kinachobeba moyo na mapafu, kwa hiyo kinapewa blanketi nene. Mabega yanaachiwa wepesi ili uweze kukata maji. Na kinachokupa joto ni gesi: neoprini, mpira unaotengenezea wetisuti, imejaa vipovu vidogo mno vya gesi, na vipovu hivyo ndivyo vinavyozuia joto lako lisitoroke. Wengi bado wanaamini ni yale maji yanayobaki ndani. Mwanafizikia Hugh Bradner, aliyetengeneza wetisuti kule California mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikuwa ameshaelewa hivyo: si lazima uwe mkavu ili uwe na joto. Kwa wale wanaozamia Pemba au Mafia: kule chini mgandamizo wa maji hubana vipovu na wetisuti hupungua unene. Sisi tunakaa juu ya maji, shida hiyo hatuna. Shida yetu ni uzee. Neoprini iliyotumika miaka mingi vipovu vyake vimekufa, na 4/3 ya mtumba iliyolegea kama kitambaa haistahili tena kuitwa 4/3.

Ushauri wangu kwa maji ya huku ni huu. Nyuzi 18 kwenda juu, 3/2. Kati ya 14 na 17, 4/3. Chini ya hapo, 4/3 nzuri yenye mishono ya gundi pamoja na viatu, na kama wewe ni mwembamba au unapenda kukaa saa mbili, 5/4 yenye kofia. Ukiwa na pesa ya moja tu, chukua 4/3. Muizenberg ya kiangazi itakutoa jasho kidogo, lakini hakuna ufuo wa jiji hili itakaokufungia.

Wiki iliyopita alikuja kijana mwanafunzi kutoka Dar. "Kaka, nipe ile nene kuliko zote." Nilimvalisha 5/4 aliyoichagua mwenyewe, nikapitisha ngumi yangu nzima kati ya kitambaa na uti wa mgongo, pale juu ya kiuno. Hapo ndipo bwawa linapotengenezwa: kila akipita chini ya wimbi, maji mapya ya baridi yataingia shingoni, yatajaa pale, na mwili utaanza upya kuyapasha. Nikampa 4/3 ya saizi moja chini. Alihangaika kuivaa, nikamwambia, "Mdogo wangu, vaa mfuko wa plastiki mguuni kwanza," ikateleza. Makwapani hakuna mkunjo, mgongoni hapashikiki. Akainua mikono juu mara kumi bila kusikia mabega yakivutwa.

Kabla hajalipa nikaigeuza ndani nje nimwonyeshe mishono. Ile bapa, ambayo uzi unatokeza pande zote mbili, ina tundu kila sindano ilipopita, na maji hupenya humo; inafaa maji ya uvuguvugu. Yake imegundishwa kwanza, kisha sindano imeingia nusu ya unene tu bila kutoboa hadi upande wa pili.

Nilimwagiza hivi: wimbi la kwanza litakuingiza maji kidogo shingoni, hilo vumilia. Lakini ukisikia baridi inakimbia mgongoni kila unapozama, toka, iletee hapa niitazame shingo na mishono. Usiende kununua nene zaidi.