Kabla hujasaini, jua kinachotoka na kinachobaki

Wiki iliyopita nilimpokea mama mwenye kovu refu lililoshuka kutoka kitovuni. Alipasuliwa miaka tisa iliyopita. Nikamuuliza alitolewa nini. "Kizazi, daktari." Na mlango wa kizazi nao ulitoka? Ovari je? Akanitazama kama nimemuuliza habari za mtu mwingine. "Waliniambia wametoa kila kilichokuwa kibaya." Karatasi hana. Nilipompima nikakuta mlango wa kizazi upo pale pale, na kwa miaka tisa hakuna aliyeuchunguza saratani, kwa sababu yeye mwenyewe aliamini hauko.

Kisa hicho hakijanitoka kichwani, na ndiyo sababu ya kuandika leo. Wagonjwa wengi huniuliza watakatwa wapi, watalazwa siku ngapi, kovu litakuwa kubwa kiasi gani. Ni maswali ya haki. Lakini lililo zito zaidi ni hili: nini kinatoka, na nini kinabaki?

Chumbani kwangu huwa nachora. Mfuko wa uzazi, karibu na ukubwa wa ngumi ndogo. Chini yake shingo inayochungulia ukeni. Huo ndio mlango wa kizazi. Juu mirija miwili, na pembeni ovari mbili. Kisha naziwekea ovari duara, maana ndizo kiwanda cha homoni. Mwanamke aliyetolewa kizazi ovari zikaachwa hatapata hedhi tena, lakini mwili wake haukatiki homoni siku hiyo. Aliyetolewa ovari zote mbili kabla ya kukoma hedhi huamka kutoka kwenye nusu kaputi akiwa tayari amekoma: joto la ghafla, usingizi kukatika, uke kukauka, na baadaye mifupa na moyo kuwa hatarini mapema kuliko wenzake. Oparesheni zote hizo mbili watu huziita "kutoa kizazi". Jina moja linaficha mambo mawili tofauti kabisa.

Wengi wanaofika kwangu wana fibroidi, yaani uvimbe wa nyama unaoota kwenye kizazi na ambao kwa kawaida si saratani. Huja na majibu ya ultrasaundi yaliyokunjwa mara nne, macho yao yote kwenye sentimita. Mimi natafuta kwanza mahali uvimbe ulipokaa. Fibroidi ndogo kama ncha ya kidole gumba, ikichomoza ndani ya chumba cha kizazi, inaweza kukumaliza damu kila mwezi. Kubwa iliyoota upande wa nje inaweza kukaa miaka bila kukusumbua, na isiyosumbua mara nyingi naiacha, hasa kwa anayekaribia kukoma hedhi, kwa kuwa baada ya hapo fibroidi kwa kawaida husinyaa.

Ile iliyochomoza ndani mara nyingi haihitaji kupasua tumbo. Tunapitisha kamera nyembamba ukeni, kupitia mlango wa kizazi, tunaunyoa uvimbe kidogo kidogo, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Ikiwa imejificha kwenye ukuta wa kizazi na mwanamke bado anataka mtoto, tunatoa uvimbe na kuacha kizazi. Hii ndiyo oparesheni ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayonitoa jasho kuliko zote. Unakata ukuta wa kizazi, nyama nyekundu inayovuja damu, mpaka uone kitu cheupe kinang'aa. Hapo umefika. Unakishika kwa koleo, unavuta, huku kidole kinatafuta ule mpaka kati ya uvimbe na nyama nzima. Ukiupata, uvimbe unabanduka wenyewe, mgumu kama mpira, na ukiukata ndani una mistari iliyojizungusha kama uzi ulioviringwa. Kinachobaki ni shimo, na kazi halisi inaanza hapo: kulishona tabaka kwa tabaka, bila kuacha uwazi wa damu kujikusanya, kwa sababu ukuta huo huenda siku moja ukabeba mimba. Ndiyo maana nakwambia usubiri miezi kadhaa kabla ya kushika ujauzito, na kwamba kama nimekata kwa kina, huenda ukajifungua kwa upasuaji. Nakwambia pia, kabla hujasaini, kwamba fibroidi nyingine zinaweza kuota, kwa kuwa udongo zinamoota tumeuacha.

Kutoa kizazi chote kunakata shauri la fibroidi na la hedhi moja kwa moja. Kunaweza kufanyika kupitia ukeni, kwa matundu madogo tumboni, au kwa mkato wa kawaida. Wa matundu hupona haraka. Wa mkato mkubwa hesabu kama wiki sita kabla ya kubeba vitu vizito. Ila kwa matundu, uliza swali moja la ziada: uvimbe mkubwa utatolewaje? Mwaka 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kuhusu kuusaga kwa mashine ndani ya tumbo, kwa sababu kama kuna saratani iliyojificha, vipande vinaweza kuisambaza. Kuna vifuko maalumu vya kukatia ndani yake. Na tukiwa tayari humo, mara nyingi napendekeza mirija nayo itoke hata kama ovari zinabaki, kwani saratani nyingi za ovari huanzia kwenye mirija.

Hofu ya tendo la ndoa huja kwa sauti ya chini, mara nyingi mkono ukiwa tayari kwenye kitasa cha mlango. Uke unabaki, dada yangu. Mwisho wake wa juu unashonwa, unahitaji wiki kadhaa kupona, halafu maisha yanaendelea.

Kuhusu uvimbe wa maji kwenye ovari nitasema kwa ufupi. Kwa mwanamke anayeendelea kupata hedhi, mwingi huondoka wenyewe baada ya mizunguko miwili au mitatu, basi usikimbilie kisu. Lakini maumivu makali ya ghafla upande mmoja, pamoja na kutapika, ni dharura: ovari inaweza kuwa imejisokota na kujikatia damu. Ukiwahi, tunaisokotoa na kuiokoa. Uvimbe wa ovari ndio ulioifungua fani yetu. Mwaka 1809, huko Kentucky, Marekani, daktari Ephraim McDowell alimtoa mgonjwa wake Jane Todd Crawford uvimbe wa takriban kilo 10, miaka mingi kabla ya dawa ya usingizi. Mama huyo alikuwa amefika kwa farasi, na aliishi miaka mingine 32. Huwa namkumbuka ninapowaza ujasiri wa wagonjwa wetu.

Kabla ya siku yenyewe, pima damu. Aliyevuja kwa miezi asiingie chumba cha upasuaji akiwa mweupe kama karatasi, labda iwe dharura. Vidonge vya madini ya chuma, au dawa ya kusimamisha hedhi kwa muda, vinaweza kukuepusha na kuongezewa damu. Baada ya upasuaji, inuka utembee mapema ili damu isigande miguuni. Homa, usaha, damu nyingi ukeni, mguu mmoja kuvimba au pumzi kukata: rudi saa hiyo hiyo.

Nyama tuliyoitoa huenda maabara. Rudi uchukue majibu, na uombe nakala ya ripoti ya upasuaji yenye maneno haya waziwazi: mlango wa kizazi upo au haupo, ovari ya kulia, ovari ya kushoto, mirija. Yule mama wa wiki iliyopita sasa anayo yake. Nilimwandikia kwa mkono, akaisoma mara mbili, akaiweka pamoja na kadi yake ya kliniki, na tarehe ya kipimo cha mlango wa kizazi tumeshaipanga.