Kuyumba si kuinama

Kimbunga kikipita kwenye jiji lenye maghorofa marefu, video husambaa na maelezo huwa yaleyale: "Oneni jengo lilivyoinama kwa upepo." Juzi nimemsikia mtangazaji mmoja akisema hivyo redioni, kisha akaongeza kwamba bila shaka saruji iliibwa. Neno "limeinama" si mahali pake hapo, na limewatia watu hofu ya bure.

Kwa kifupi, kuyumba ni mwendo wa kwenda na kurudi wa sehemu ya juu ya jengo, chini kukiwa kumeshika palepale. Jengo likiwa jembamba kwa urefu wake, huyumba zaidi. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, msukumo wake unakuwa mara nne.

Kuinama ni habari nyingine. Mnazi wa ufukweni uliopigwa na kusi miaka nenda miaka rudi umeinama; upepo ukikatika, bado umeinama. Jengo likiwa hivyo, watu watoke. Linaloyumba hurudi wima lenyewe, na mhandisi alilipigia hesabu lifanye hivyo tangu kwenye michoro.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni dhana kwamba jengo huyumba kuelekea upande upepo unakokwenda tu. Mabaharia wetu wana neno zuri hapa: mrama. Siku hizi mambo yakienda mrama tunaelewa yameharibika, ila neno limetoka baharini. Ni kule kulala kwa chombo ubavu huu, kikainuka, kikalala ubavu wa pili. Upepo unatoka nyuma, tezini, na jahazi linalala kushoto na kulia! Aliyewahi kusafiri hivyo na tumbo likamchafuka anajua.

Ghorofa jembamba nalo huenda mrama. Upepo ukiligonga hugawanyika, ukapita pande zote mbili, na nyuma yake ukaachia visulisuli kwa zamu: kimoja kutoka kushoto, kinachofuata kutoka kulia. Kila kimoja hulivuta jengo upande wake. Simama karibu na mlingoti siku ya upepo usikilize kamba zinavyovuma. Sauti ile ni visulisuli hivyo hivyo, ila vinabanduka haraka sana. Kwenye jengo huja polepole. Zamu zao zikilingana na mwendo wa jengo lenyewe, inakuwa kama kumsukuma mtoto kwenye bembea kila anaporudi: nguvu ndogo, mwendo mkubwa.

Ndiyo maana umbo lina kazi kubwa. Taipei 101, ghorofa la Taiwan, ina urefu wa mita 508, na kwenda na kurudi kwake mara moja huchukua takriban sekunde 7. Kielelezo chake kilipopimwa kwenye handaki la upepo, yaani njia iliyofungwa ya kupulizia upepo wa majaribio, wahandisi walizikata pembe zake vidato, na nguvu ya upepo ikapungua kwa karibu robo, kwa sababu visulisuli havikubanduka tena kwa mpangilio. Juu, kati ya ghorofa ya 87 na ya 92, wakaning'iniza tufe la chuma la tani 660. Jengo likienda huku, tufe huchelewa na kulivuta kinyume. Katika kimbunga Soudelor, mwaka 2015, tufe hilo lilisogea kama mita moja, na wageni hupanda kwenda kulitazama.

New York kuna mnara wa makazi, 111 West 57th Street, wenye urefu wa mita 435 na upana wa kama mita 18 tu: urefu ni mara 24 ya upana. Nao umewekewa uzito wa kuutuliza. Wakazi wa minara ya namna hii husimulia maji yakicheza kwenye beseni na taa ikining'inia upande. Kinachowasumbua ni kichefuchefu na usingizi, na sehemu kubwa ya kazi ya uzito ule ni kuwaondolea hicho.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, kipindi kijacho sema jengo limeyumba. Na ile habari ya saruji, tafadhali, uirudie hewani uifute.